Bango la kubadilisha matumizi ya ploti kando ya njia ya ufukweni: pingamizi linapelekwa wapi?

MwanaBamvua

Salaam wana jukwaa. Niko wadi moja ya ufukweni upande wa Kisauni, Mombasa. Kwenye ukuta wa ploti iliyo mstari wa kwanza baharini pamebandikwa bango: mwenye ploti ameiomba kaunti ibadilishe matumizi kutoka makaazi hadi biashara, ajenge fleti za kukodisha wageni. Ubavuni mwa ploti pana njia ya miguu, upana wa hatua nne hivi, ambayo wavuvi na watu wa mtaa wanashukia dikoni, mahali mashua zinapofikia, tangu zamani. Bango haliitaji njia hiyo kabisa.

Mzee wa mtaa anasema tungoje kikao cha maoni ya umma. Mwengine anasema twende NEMA, mamlaka ya mazingira. Wa tatu anasema mita 60 zote za pwani ni za serikali, kwa hivyo hakuna wa kufunga kitu.

Nauliza matatu. Pingamizi anaandikiwa nani, na ndani ya siku ngapi? Njia tutaihifadhi vipi isimezwe na ukuta? Na la tatu liko mbali kidogo: tunataka taa na choo pale dikoni. Kila mwaka tunasema kwenye kikao cha bajeti, kila mwaka hatuoni kitu. Kasoro iko wapi?

KaraniMstaafu

Yakhe, usingoje kikao chochote. Kwa ombi la aina hii huenda kisiitwe. Bango ndiyo nafasi yako ya kusema, na siku zimeshaanza kuhesabiwa.

Kubadilisha matumizi ya ploti ni ombi la kibali cha uendelezaji chini ya sheria ya upangaji na matumizi ya ardhi ya 2019. Anayeamua ni waziri wa kaunti mwenye dhamana ya ardhi na mipango, na barua hupitia kwa mkurugenzi wa mipango wa kaunti. Kwa kawaida bango hutoa siku 14 za kuleta pingamizi, lakini fuata tarehe iliyoandikwa kwenye bango lenyewe. Lipige picha leo, zima na karibu, namba ya ploti isomeke, tarehe isomeke, na jina la mpangaji aliyeandaa ombi lisomeke. Mabango ya karatasi hayamalizi wiki mbili kwenye upepo wa kusi, na likishang'oka utabaki unabishana kama lilikuwepo.

Barua yenyewe ukurasa mmoja na nusu inatosha. Juu weka namba ya ploti kama ilivyo kwenye bango, herufi kwa herufi. Kisha sababu, na ziwe sababu za mipango: njia ya umma itazibwa, maji taka ya vyumba vyote hivyo yataenda wapi iwapo mtaa hauna laini ya maji taka, magari yatasimama wapi, barabara ya kuingilia ina upana gani. Maneno kama "hatuwataki" au "wageni wataharibu watoto" afisa hawezi kuyaandika kwenye ripoti, kwa hivyo yanapita tu. Mimi naona barua tano zenye hoja tano tofauti zina nguvu kuliko barua moja yenye sahihi mia. Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe, urudi nayo. Barua isiyo na muhuri ni sawa na ambayo hukuandika.

Halafu msiombe tu "ombi likataliwe". Kibali kinaweza kutolewa kwa masharti, na mara nyingi ndivyo kinavyotoka. Andikeni ombi la pili: iwapo kibali kitatolewa, sharti liwe kwamba njia ichorwe kwenye ramani ya mradi kwa upana wake wote, ibaki wazi mchana na usiku, na ukuta wowote urudi nyuma ya mstari wake. Wasiotaja masharti hupewa yote au wakose yote, na wengi hukosa.

Ukishapeleka, rudi ofisini kila wiki kuulizia. Uamuzi ukishatoka, aliyeudhika nao, akiwemo jirani mwenye maslahi, ana siku 14 tu za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya rufaa za mipango, ile inayoitwa kwa Kiingereza Liaison Committee. Hizo 14 zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Siku wewe ulipousikia sokoni haihesabiki. Kamati nayo inatakiwa iamue ndani ya siku 14, na asiyeridhika anaendelea hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wako wanaoruka kamati wakakimbilia mahakamani moja kwa moja. Upande wa pili husimama na kusema hawakumaliza njia za chini, na kesi inatupwa kabla hata njia ya wavuvi haijatajwa.

Aliyekwambia NEMA naye hakukosea, ila huo ni mlango mwengine. Kaunti inaamua ploti itumike kwa nini; NEMA inaamua ujenzi wenyewe upewe leseni ya mazingira au la. Pingamizi uliloweka kaunti NEMA hawalioni, na la NEMA kaunti hawalioni. Peleka kote kuwili. Leseni ya NEMA ikitoka na hamkuridhika, rufaa yake haiendi kamati ya kaunti bali Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, ndani ya siku 60.

Bikoni_na_Ramani

Naongeza la ramani, maana pingamizi bila ramani ni maneno matupu.

Kwanza hizo mita 60, zinazosemwa kila baraza la pwani. Zimo kwenye kanuni za upimaji za 1994: ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa, inapopimwa ili igawiwe, upande wa bahari uachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa, na hata hapo waziri anaweza kuupunguza. Someni tena: ambayo haijagawiwa. Ploti nyingi za mstari wa kwanza kuanzia Nyali hadi Shanzu zina hati za zamani zaidi ya hapo, na mpaka wao unafika alama ya maji yenyewe. Kwa hiyo ukienda na hoja ya mita 60 peke yake, wakili wa mwenye ploti atatoa hati, na mazungumzo yamekwisha.

Kilicho cha umma bila ubishi ni ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa. Katiba, kifungu 62, inaitaja waziwazi, na inasimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwa niaba ya serikali ya kitaifa. Kaunti si mwenyewe. Mchanga unaotembelea maji yakipwa hakuna wa kukufukuza, lakini hilo halikupi njia ya kufika hapo, na tatizo lenu ni njia.

Sasa fanya hivi. Chukua namba ya ploti. Zetu huandikwa namba, sehemu, kisha MN kwa bara ya kaskazini au MS kwa upande wa Likoni. II/MN si I/MN, na ukikosea hapo utaletewa faili la mtu mwengine kabisa. Fanya upekuzi rasmi kwenye msajili wa ardhi ujue mwenye hati na vikwazo vilivyoandikwa. Kisha nenda ofisi ya upimaji ununue nakala ya ramani ya eneo zima, isiwe ya ploti hiyo peke yake. Kwenye ramani hiyo utakuta moja kati ya matatu.

Njia imechorwa kama barabara, kati ya ploti na ploti. Hapo mna bahati. Ni ardhi ya umma, na kazi iliyobaki ni mpima mwenye leseni aje aonyeshe bikoni, yaani alama za mpaka, ziko wapi, kwa sababu kuta hupenda kusogea mita moja kila zinapojengwa upya. Msichimbe bikoni wenyewe wala kuzisogeza, hilo ni kosa la jinai. Kwenye mchanga vyuma vyake huliwa na chumvi au hufukiwa, ndiyo maana mpima anatafuta kwa vipimo, hatafuti kwa macho.

Au njia haimo, na mahali pake ni ndani ya ploti. Hapo mwenye ploti ana karatasi na nyinyi mna matumizi. Sheria ya ukomo wa kesi inatambua haki ya njia iliyotumika miaka 20 mfululizo, kwa uwazi, kwa amani, bila kuomba ruhusa. Neno la mwisho ndilo linaloua kesi nyingi: kama mlinzi alikuwa anawafungulia mlango "kwa hisani", matumizi yenu yalikuwa ya ruhusa, na ruhusa haigeuki haki hata ikifika miaka 50. Tena isiwe njia ilifungwa, mkakaa miaka kimya, ndipo mnakumbuka kesi.

Au kipande hicho ni masalio, hakimo kwenye ploti hii wala ile. Hapo na hata kwenye hali ya pili, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu 145, inaruhusu kikundi cha watu au kaunti yenyewe kuiomba Tume ya Ardhi iweke njia ya umma ya jamii. Ni kazi ndefu, na fidia kwa mwenye ardhi inaweza kuingia, lakini ikishaandikwa imeandikwa.

Ushahidi uanze kukusanywa kabla mafundi hawajaleta mawe. Picha za zamani za setilaiti kwenye Google Earth zina kitelezi cha miaka. Njia ya miguu kwenye mchanga huonekana kama uzi mweupe, chapisheni ya kila mwaka mnaoupata. Taarifa za wazee watano au sita ziandikwe, kila mmoja alianza kuitumia mwaka gani na kwa shughuli gani. Upana pimeni kwa utepe, mwanzo, katikati na mwisho. Hatua nne za mtu mrefu ni mita tatu na kitu, za mtu mfupi hazifiki. Na picha za alama ya maji zipigwe bamvua (siku za maji makubwa), saa ya maji kujaa, kwa kufuata jedwali la Mamlaka ya Bandari. Ukipiga maji mafu (siku maji yanapojaa kidogo), mstari wa maji utaonekana mbali na ukuta na picha itamsaidia yeye. Rudieni kaskazi na kusi, kwa sababu mchanga unahama.

MwanaBamvua

Shukran sana nyote. Nimepiga picha ya bango, zimebaki siku tisa. Tukinyimwa kuliona faili la ombi pale kaunti? Na ombi la wananchi kwa bunge la kaunti lina faida hapa?

KaraniMstaafu

Siku tisa zinatosha, ila angalia mtego huu. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kukujibu. Pingamizi lako linafungwa kwa 14. Ukisema ngoja nipate faili kwanza ndipo niandike, umekwisha. Peleka pingamizi kwa ulichonacho, na ndani yake andika kwamba mtaongeza hoja mkishaona michoro. Siku hiyohiyo peleka na barua ya kuomba habari, yenye orodha: fomu ya ombi, taarifa ya mpangaji, mchoro wa eneo, maoni ya idara nyingine. "Faili lote" ni ombi bovu, linamrahisishia mtu kusema halieleweki. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili, na asiyeweza kuandika ana haki ya kuandikiwa na afisa. Gharama halali ni ya kutoa nakala. Mkinyimwa, mna siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaiita Ombudsman.

Ombi kwa bunge la kaunti ni haki yenu kwa sheria ya serikali za kaunti, lakini lisiwe badala ya pingamizi. Bunge halitoi kibali wala halikifuti. Linafaa kwa jambo pana zaidi, mfano kaunti ipime na kuweka vibao kwenye njia zote za ufukweni za wadi. Likiandikwa vibaya karani analirudisha: kila karatasi ya sahihi ibebe kichwa cha ombi (karatasi za sahihi zisizo na kichwa ndizo zinazotupwa sana), majina kamili, anwani, namba za vitambulisho, asiyeweza kutia sahihi aweke dole gumba. Mseme juhudi mlizofanya kabla, mseme kama jambo liko mahakamani au haliko, na mwisho mwandike wazi mnachoomba bunge lifanye. Msifute na kuandika juu.

MizaniYaBajeti

La taa na choo nalichukua mimi, maana jibu lake ni kalenda.

Kikao mnachokwenda nadhani ni kile cha Mei, makadirio yakiwa yameshafika bungeni. Sheria ya fedha za umma inataka makadirio yafike bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kuanzia hapo mikono ya wawakilishi wadi imefungwa: wakiongeza mahali lazima wapunguze mahali pengine, na kwa kanuni za 2015 badiliko kwenye fungu la idara halitakiwi kuzidi asilimia 1 ya kikomo chake. Choo kipya ambacho hakikuwemo kwenye mipango hakiwezi kupenya tundu hilo hata MCA, mwakilishi wadi wenu, awe rafiki yenu.

Mradi unaingia mapema zaidi. Mpango wa maendeleo wa mwaka unawasilishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, kwa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Maana yake mnachokitaka Julai mwakani kinaandikwa Juni, Julai na Agosti mwaka huu. Kisha Februari, kabla ya tarehe 28, kuna waraka wa sera ya fedha unaoweka kikomo cha kila idara. Mradi usiokuwemo Septemba, na idara isiyopewa nafasi Februari, Mei hakuna cha kujadili.

Namna ya kuandika nayo ni muhimu. "Tunaomba taa dikoni" haina mahali pa kuwekwa. Andikeni: wadi fulani, njia kutoka lami hadi dikoni, mita 300, nguzo za sola kila mita 25, jumla 13 ukihesabu ncha zote mbili, choo cha milango minne, miwili ya wanawake, ardhi ni ya nani, na nakala ya ramani hii hapa. Taa za barabarani ziko chini ya kaunti kikatiba, kwa hivyo idara haiwezi kuwaambia si kazi yake. Ombi lipitie kwa msimamizi wa wadi, nakala kwa hazina ya kaunti, na muhuri kama alivyosema Karani.

Na kabla ya yote hayo, someni mpango wa miaka mitano wa kaunti. Ikiwa dikoni kwenu hamna hata mstari humo, tafuteni programu pana mnayoweza kuingia ndani yake, kama taa za mitaa au miundombinu ya uvuvi, na mtaje jina la programu hiyo neno kwa neno.

Bajeti ikipita, kazi haijaisha. Ripoti za robo mwaka zinatolewa, na za Msimamizi wa Bajeti wa kitaifa pia. Mradi ulioandikwa sifuri hadi robo ya tatu, ulizeni mwezi Aprili kama zabuni imetangazwa. Ukiuliza Julai utaambiwa mwaka wa fedha umefungwa.

FunguLaDiko

Hapo pa "ardhi ni ya nani" ndipo madiko mengi yanapokwama. Fedha zinatengwa, mhandisi anakuja, anauliza hati, hakuna, anaondoka, na mwisho wa mwaka fungu linahamishwa. Kikundi cha usimamizi wa ufuo kianze na hilo: barua kwa Tume ya Ardhi na kwa kaunti kuomba diko lipimwe na kutengwa, ikiambatana na ile ramani ya Bikoni. Mkipata hata ramani ya upimaji yenye mipaka, mhandisi ana pa kushika.

Choo kisiwe cha shimo. Chini kuna mwamba wa matumbawe wenye matundu na maji yako karibu, kwa hivyo uchafu unakwenda visimani na baharini. Dai tangi lililozibwa lisilovuja, na hapa ndipo njia yenu inarudi: gari la kunyonya maji taka lazima lifike karibu. Njia ikibanwa na ukuta hadi mita moja na nusu, tangi halitanyonywa, choo kitajaa na kufungwa, nanyi mtaambiwa wananchi wameharibu mradi. Kwa hiyo kwenye barua ya pingamizi ongezeni kwamba upana wa njia unahitajika pia kwa gari la huduma. Hoja hiyo afisa wa mipango anaielewa upesi kuliko ya watoto kuogelea.

Kwenye maelezo ya kazi iandikwe mchanga wa ufukweni usitumike kwa zege wala maji ya bahari. Chumvi inakula nondo kutoka ndani na kuta zinapasuka. Bawaba na vitasa visiwe vya chuma cha kawaida.

Kuhusu taa: nguzo za mwisho, zile za karibu na mchanga, ziwe fupi, zifunikwe upande wa bahari, na mwanga wake uwe wa rangi ya kaharabu. Kasa wakitaga hapo, makinda yanafuata mwanga mweupe yakielekea mtaani badala ya baharini. Wanamazingira wakiliona kosa hilo kwenye mchoro wataukwamisha mradi wenu wenyewe. Na betri ziwe juu ya nguzo, si kwenye sanduku la chini. Za chini huibwa.

MwanaBamvua

Nimeelewa. Barua ya kaunti inaenda kesho asubuhi, ya NEMA mchana, ya kuomba habari inakwenda pamoja na ya kaunti. Bikoni, nikishapata ramani naweza kuipandisha hapa uitazame?

Bikoni_na_Ramani

Pandisha, ila funika jina la mwenye hati na namba yake ya kitambulisho, hayo hatuyahitaji. Ninachotaka kuona ni mstari wa ploti upande wa njia, namba za ploti mbili za jirani, na tarehe ya upimaji iliyo pembeni ya ramani. Ukipewa karatasi isiyo na tarehe, rudi nayo dirishani uombe nyingine.